Digidigi na Rafu za Nyati

"Jamani, uwanja upo?"

"Upo!"

"Na mpira?"

"Upo!"

"Basi kunjeni miguu, isije ikakanyagwa. Nasimulia."

Hapo kale nyika nzima ilikuwa na ligi, na timu iliyotwaa kombe ndiyo iliyokunywa kwanza kisimani kiangazi chote. Beki wa Timu ya Bondeni alikuwa Nyati. Nyati hakuufuata mpira, aliifuata miguu. Ukija na mpira, gidi gidi gidi, kwaru! Uko chini. Ukilalamika, mwamuzi Korongo anatazama mawingu. "Mimi sijaona rafu," anasema.

Kwenye mechi za mwanzo Nyati alimvunja mguu Swala, mshambuliaji wa Timu ya Mlimani. Digidigi alikuwa karibu, akausikia mfupa: ko! Tangu siku hiyo, hata akitafuna majani anausikia. Sasa fainali imefika, Bondeni na Mlimani wanarudiana, na nafasi ya Swala amepewa yeye, mwenye miguu kama vijiti.

Akafikiri sana. Kushindana nguvu na Nyati hawezi. Kumkwepa anaweza, ila ajue kwanza atapigwa wapi.

Kabla ya mechi akamwendea, huku anachechemea.

"Shikamoo, mjomba Nyati."

"Marahaba. Umekuja kuniaga?"

"Nimekuja kuomba, mjomba. Mguu wangu wa kushoto una jeraha. Ukinikaba, huo uuache."

Nyati akajilamba pua. "Usijali, mpwa wangu. Wa kushoto sitaugusa kabisa."

Mpira ukaanza. Nyati akaja, gidi gidi gidi! Akaufyeka mguu wa kushoto. Digidigi akarukia kulia, chwi! Nyati akala vumbi. Akaja tena, gidi gidi gidi! Kushoto vilevile. Digidigi, chwi! Nyati akala vumbi.

Hasira zikampanda. Digidigi alipofika golini na mpira, Nyati akajitupa kwa uzito wake wote. Digidigi, chwi! Nyati akateleza mpaka kwenye mlingoti wa goli. Ko! Mpira ukaingia wavuni polepole.

Watazamaji wakalipuka kwa shangwe. Digidigi hakushangilia. Mlio ule aliujua. Alitaka Nyati aukose mguu wake, basi. Hakutaka na yeye avunjike. Akamwendea, akainama.

"Mguu unauma, mjomba?"

"Unauma mno."

"Hata Swala alisema hivyo."

Nyati akainua kichwa. "Anaendeleaje?" Hakuwahi kuuliza.

"Bado hajasimama."

Mara Korongo akaja mbio, pyuuu! Akamwonyesha Digidigi kadi ya njano.

"Kosa langu nini, mwamuzi?"

"Umechechemea na huumwi. Huo ni udanganyifu, na ligi yetu ni ya haki."

Goli lilihesabiwa, Mlimani wakanywa kwanza. Digidigi alikunywa kidogo, akampelekea Swala maji.

Hadithi yangu imepigiwa filimbi ya mwisho. Mimi naenda kunawa miguu. Na funzo lake, jamani, ni hili: ukiingia uwanjani vunja miguu upendavyo, lakini chonde chonde, usichechemee.