Jibu Lililorudi Upesi

Sogeeni, mvua hii haikatiki sasa hivi, na mahindi haya hayajipukuchui yenyewe. Kila mtu na hindi lake. Wewe Hoza, mikono ifanye kazi, mimi nahitaji masikio tu. Na nikiuliza, "Wa nyuma yupo?" nyote mtaitika, "Yupo." Haya. Wa nyuma yupo?

Yupo.

Mmeitika haraka mno. Hakuna hata mmoja aliyegeuza shingo kutazama. Tuyaache, tutayarudia.

Hapo kale, kale ya wale waliowaambia kale wazee wetu, milima ilipokuwa bado inatafuta pa kukaa na fisi hajapata cha kuchekea, watu wa milimani walikosa mvua. Mwaka wa kwanza wakasema itakuja. Mwaka wa pili wakasema itakuja. Mwaka wa tatu hawakusema kitu, walifunga mizigo. Ng'ambo ya nyika kulikuwa na mto usiokauka, safari ya siku tano kwa miguu, na mtu aliyeijua njia alikuwa mmoja tu, Sengoda.

Huyu Sengoda alikuwa kiongozi wa njia. Baba yake alikuwa kiongozi wa njia, na babu yake pia. Kazi yao ilikuwa kuvusha watu nyikani na kuwarudisha. Mngemtazama kijijini mngemwona mtu mpole tu, mwembamba, anayekaa pembeni. Lakini mtoeni mkampeleke porini. Alijua njiwa wanaruka kuelekea wapi jua likishuka, akajua maji yako upande gani. Akiona pahali pazuri, mchanga laini, kivuli, watu wanataka kutua mizigo, yeye anasema, "Hapana, hapa ni njia ya tembo, twendeni mbele." Wakiona korongo kavu lililotulia, anasema, "Hapana, mvua ikinyesha huko juu mtaamka mnaogelea." Watu wananung'unika na kwenda. Asubuhi wanaona nyayo za tembo pale pale walipotaka kulala, basi wanamsifu njia nzima.

Wakifika, wanamsahau. Hilo ndilo lililomkera Sengoda tangu ujana. Barazani kwa wazee kulikuwa na vigoda, kila ukoo na kigoda chake, na ukoo wa viongozi wa njia haukuwa nacho. Baba yake alivusha watu miaka arobaini na akafa hajakalia kitu barazani ila magoti yake. Sengoda alikuwa akiwaza kigoda hicho anapolala na anapoamka. Sasa nimewaambia, msije mkaniuliza baadaye alikuwa anataka nini.

Safari yake ilikuwa na miiko mitatu. Wa kwanza, palipo na njia mbili, kiongozi hukata tawi bichi na kulilaza kwenye njia mbaya. Tawi likilala njiani, hapo hapapitwi. Wa pili, kila baada ya muda kiongozi huita, "Wa nyuma yupo?" na kila mtu humpelekea aliye nyuma yake, mdomo kwa mdomo, mpaka mkiani. Aliye mwisho kabisa hujibu, "Yupo," na jibu hurudi vile vile, mdomo kwa mdomo, mpaka mbele. Lisiporudi, watu husimama. Wa tatu, mifugo hutembea nyuma ya watu wote, na wachungaji wake.

Mkiani ndiko walikokaa wasioweza kwenda mbio, vikongwe, viwete, wenye mimba. Na aliyepewa kazi ya kujibu mkiani safari ile alikuwa Mandia, mke wa Sengoda. Mimba yake ilikuwa ya miezi minane, lakini sauti yake ilikuwa kubwa kupita mwili wake.

"Mimi mwenye tumbo hili ndiye wa mwisho?" alimuuliza mumewe siku ya kwanza, akicheka.

"Wewe nakuamini," Sengoda akasema. "Mwingine atajibu amelala."

Wa nyuma yupo?

Yupo.

Walikwenda siku tatu vizuri. Anaita, jibu linarudi. Anaita, jibu linarudi. Msafara ulikuwa mrefu, basi jibu lilichukua muda; ungeweza kufunga kamba za viatu vyote viwili na kusimama tena ndipo likufikie. Sengoda aliujua muda huo kama alivyojua pumzi zake.

Siku ya nne jioni wakapiga kambi chini ya miamba. Hapo akamjia mzee mmoja, Shekuwe. Huyu alikuwa na mbuzi. Watu wengine walikuwa wamekula mbuzi wao kwa njaa, au wamewazika, lakini Shekuwe alikuwa na mbuzi sitini na kitu, wamekonda mpaka ubavu unahesabika, lakini wapo.

"Mwanangu Sengoda," akasema, "jana simba kanichukulia mbuzi wawili huko nyuma. Kesho nataka mbuzi wangu watembee katikati ya watu."

"Mzee, mifugo inakaa nyuma. Huo ni mwiko wa njia."

"Mwiko wa nani? Mwiko uliwekwa na watu. Kesho tunafika, siyo? Siku moja tu." Kisha akashusha sauti. "Tukifika mtoni, mimi ndiye nitakayepanga baraza, unajua hivyo. Nimekuwa nikijiuliza, hivi mtu aliyetuvusha sote, akae chini tena? Mimi naona kuna kigoda chako pale."

Mzee akangoja. Wazee wa namna ile wanajua kungoja.

"Siku moja tu," Sengoda akasema.

"Siku moja tu, mwanangu."

Kumbe kulikuwa na mtu anasikia, naye ni Mandia, alikuwa akipasha uji moto hatua chache kutoka pale. Alipomletea mumewe kibuyu chake akamuuliza, "Mbuzi watakuwa katikati?"

"Ni siku moja, mke wangu."

"Ndiyo siku yenyewe iliyobaki." Akakaa kwa taabu, mkono kiunoni. "Mbuzi wakiwa katikati, sauti itapitaje? Mbuzi wanajibu?"

"Kuna wachungaji. Watapeleka."

"Hivi kigoda ni kitamu kiasi hicho?"

Sengoda akakasirika, kwa sababu alikuwa ameulizwa la kweli. Akamwambia anywe uji alale. Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyomwambia mkewe akiwa anayasikia. Zaina, usilie bado, hatujafika.

Asubuhi wakaondoka. Mbele Sengoda, nyuma yake wazee na vijana wenye nguvu, kisha Shekuwe na mbuzi wake na wachungaji wake, kisha mkia. Watu tisa mkiani, Mandia wa mwisho. Mbuzi wakinusa kijiti wanasimama, wakifukuzwa wanakimbia, na watu wa mkiani hawawezi kukimbia. Kukawa na pengo nyuma ya mbuzi. Pengo likakua.

Jua lilipopanda wakafika penye njia panda. Njia ya kulia nyembamba, inaingia vichakani, inaenda mtoni. Njia ya kushoto pana, safi, inavutia. Wameikanyaga tembo wanaokwenda kulamba chumvi kwenye mbuga nyeupe isiyo na tone la maji. Mgeni yeyote angeishika ya kushoto. Sengoda akakata tawi la mti pekee uliokuwa na majani pale, akalilaza kushoto, akapita kulia.

Mnanisikia? Miaka mitatu bila mvua. Mbuzi sitini wenye njaa. Na yeye amelaza majani mabichi chini, mbele ya midomo yao. Miaka yote ya kazi yake mbuzi walipita wa mwisho, baada ya mkia, na wakilila tawi hakuna aliyebaki wa kulihitaji. Siku ile hakuwaza hilo hata kidogo, maana alikuwa anawaza kigoda.

Akaenda mbele kidogo, akaita, "Wa nyuma yupo?"

Jibu likarudi, "Yupo."

Likarudi upesi. Hakuwa amepita hata mti mmoja. Sengoda akasimama. Wale walio nyuma yake wakamgonga mgongoni. Alijua. Nawaambia alijua, mguu wake mmoja ulikuwa umeshageuka kurudi. Lakini upepo ukaleta harufu ya maji, na mzee mmoja akapaza sauti, "Mto huo, kiongozi, mungu akubariki," na wengine wakadakia kumsifu, na Shekuwe huko katikati akaimba jina lake. Sengoda akaugeuza ule mguu, akaenda mbele.

Alasiri wakafika mtoni. Watu wakaingia na nguo zao. Mbuzi wakanywa. Shekuwe akawahesabu mbuzi wake, mmoja mmoja, akiwagusa kichwani, na wote walikuwepo. Kisha akatoa kwenye mzigo wake kigoda, kumbe alikuwa amekibeba kweli, akakiweka kivulini akasema, "Kaa, mwanangu." Sengoda akakaa.

Hakuna aliyehesabu watu.

Alikaa muda gani? Sijui. Kiasi cha kunywa maji na kusikia sifa za ukoo wake kwa mara ya kwanza. Kisha akatazama njia waliyotokea, akaona vumbi limetulia na hakuna anayekuja.

Akaomba vijana wanne wa kubeba maji. Shekuwe akasema, "Watu wamechoka, waache wapumzike, wale wanakuja polepole tu." Vijana wakatazama chini. Basi akajitwika vibuyu viwili akarudi peke yake, mbio, kwenye jua.

Pale njia panda akalikuta tawi. Halikuwa tawi tena, lilikuwa kijiti cheupe kilichomenywa mpaka gome, kimeburutwa pembeni. Na nyayo za watu tisa zimeingia kushoto.

Giza likamkuta kwenye nyayo hizo, akangoja, kulipopambazuka akaendelea. Aliwafikia jua likiwa limesimama, katikati ya ile chumvi. Wanne walikuwa hai, wamejibanza chini ya kanga moja. Watano walikuwa wamekufa. Mandia alikuwa nyuma yao kidogo, amekaa, miguu ameinyoosha, mikono kwenye tumbo. Hata pale alikuwa ameshika nafasi yake mkiani.

Kikongwe mmoja aliyepona ndiye aliyemweleza, alipokwisha kunywa. "Tuliona njia iko wazi, tukapita. Mkeo alisema anasikia kimya kirefu mno. Jana jioni akaanza kujibu. Hakuna aliyemwita, yeye anajibu tu. Yupo. Ananyamaza, kisha tena, yupo. Tulimwambia atunze mate. Akasema huenda mume wangu anaita na upepo hauleti. Amejibu mpaka alfajiri."

Sengoda alimzika pale pale, yeye na aliyekuwa tumboni, kwa kuchimba chumvi kwa mikono. Akawarudisha wale wanne hadi mtoni, kisha akasimama mbele ya baraza.

"Nani alijibu?" akauliza.

"Nilijibu mimi," Shekuwe akasema, wala hakuona haya. "Nyuma ya mbuzi hapakuwa na mtu wa kumpelekea sauti. Ulitaka niseme nini, tusimame wote juani na mto unanukia? Na mbuzi hana kosa, ameona majani amekula. Kiongozi wa njia ni wewe, Sengoda. Siyo mimi, siyo mbuzi."

Wazee wakatikisa vichwa, wakasema ni kweli, kiongozi ni Sengoda. Walikuwa wale wale waliomwimba siku ya kufika. Yeye angeweza kubishana, lakini lile jibu la upesi lilikuwa bado kifuani mwake. Akasema, "Nilijua, nikaenda." Akakichukua kile kigoda, akakirudisha miguuni kwa Shekuwe, akaondoka.

Watu wetu hawakumwona tena. Wasafiri wa makabila mengine ndio walioleta habari, kwamba kuna kiongozi nyikani ambaye halazi tawi. Akifika njia panda, hukaa mwenyewe kwenye njia mbaya, chini, na kuwaambia watu wapite, naye hainuki mpaka amemwona wa mwisho kwa macho yake. Wanasema alizeekea humo.

Na Shekuwe? Mnasubiri niwaambie simba alimla. Hakumla. Alinenepa. Mbuzi wake walizaa pale mtoni, wenye njaa wote wakawa wanamwinamia, akafanywa mkubwa wa nchi, akafa kitandani mwake na wajukuu wamemzunguka.

Vizazi vya wajukuu hao ndio sisi. Unashangaa nini, Hoza? Ulidhani jina la ukoo wako limetoka wapi? Mbuzi waliomo bandani hapo nje ni uzao wa wale wale, na maziwa mliyokunywa asubuhi mmeyanywa bila kuuliza. Mimi pia nimeyanywa miaka themanini. Bibi yangu alinisimulia haya nikiwa mdogo kuliko Zaina, akaniambia, jibu la mwenzako usilitoe wewe. Ukiulizwa habari ya aliye nyuma, geuka umtazame. Mimi sina la kuongeza, na wala halijamfufua mtu.

Kisa kimefika majini, na asinywe mtu kabla hajahesabu wenzake. Wa nyuma yupo?

Haya. Sasa naona mnageuka.