Mtoto wa Tulinagwe na Magari Mawili

Sogeeni niwape kesi inayoninyima raha. Asiyependa kuamua aende zake sasa hivi, simlazimishi mtu.

Walikuwepo ndugu wawili kule Rungwe. Mkubwa, Gwakisa, aliishi mjini na alikuwa na sedani mpya ya kuwashwa kwa kitufe. Ukikaa ndani yake husikii hata mvua. Mdogo, Ambilikile, alibaki kijijini na kigari cha milango miwili kilichomzidi umri. Hakikuwaka bila kusukumwa, ila tope lilikuwa halijakishinda.

Ndugu yao wa kati alikuwa amekufa, akamwacha mkewe Tulinagwe na mimba. Na kwenye ukoo ule, mjane hatoki nyumbani kwa marehemu mpaka mkubwa aseme.

Asubuhi moja uchungu ukamjia Tulinagwe, na damu nyingi. Ambilikile akapiga simu.

"Kaka, nimpeleke hospitali?"

"Kwa hicho kibati? Watu watasema marehemu hakuacha ndugu. Ningojeni, nakuja na gari la maana."

"Sawa, kaka."

Akangoja. Kigari kipo uani, mgonjwa analia ndani, naye kakaa tu. Heshima nyingine, jamani, inatia hasira.

Mchana Gwakisa akafika. Sedani ikagusa tumbo kwenye tope la kwanza, akairudisha lamini, akapanda kwa miguu. Akamkuta Tulinagwe amepauka midomo.

"Mashemeji," Tulinagwe akasema, "mtoto huyu atakuwa wa atakayenifikisha. Mama, umesikia?"

"Nimesikia, mwanangu," mama yake mzazi akajibu.

Kigari kikasukumwa, kikawaka. Ambilikile akateremka nacho kwenye tope lililokwamisha matrekta ya chai, na kila shimo Tulinagwe alipiga kelele. Walipogusa lami injini ikafa, na mpaka leo haijawaka.

Wakamhamishia kwenye sedani. Gwakisa akaikimbiza kwa mwendo ambao kile kigari hakikuwahi kuufikia, wala kiti hakikutikisika. Hospitali wakamtoa mtoto wa kike, mzima. Mama yake hakuamka tena.

"Bila kile kigari asingetoka kule," daktari akawaambia. "Bila hili gari, mtoto naye angekufa. Lakini mngekuja asubuhi, kwa gari lolote, mama angepona."

Baada ya mazishi, ndugu wale wakamfuata bibi wa mtoto. Gwakisa hajawahi kupata mtoto. Wa Ambilikile alizikwa kabla hajaanza kutembea.

"Mimi ndiye niliyemfikisha," akasema Gwakisa.

"Ungemtoa wapi, kaka, kama nisingemleta lamini?"

Bibi akamfunika mjukuu kwa khanga.

"Mmoja alisema tumngoje," akasema. "Mwingine akangoja. Na mwanangu alikuwa anawasikia wote wawili."

Mtoto ni mmoja, na maneno ya marehemu yalisikiwa. Je, ungekuwa wewe ndiye bibi yule, ungemkabidhi nani?