Siku Aliyozeeka Mama Nakijwa

Isome mpaka mwisho kabla hujaituma kwenye kundi lenu. Mimi niliisoma nikiwa kwenye foleni ya benki, nikalazimika kujifanya nina mafua.

Mama Nakijwa alikuwa na miaka sabini na moja alipochukuliwa kutoka milima ya Upare kwenda kuishi Morogoro kwa mwanawe, Mbonea. Mumewe alikuwa amefariki, nyumba imebaki na mtu mmoja, na Mbonea hakuwa na amani akifikiria mama yake anavyopanda na kushuka ule mlima peke yake. Alimpenda sana mama yake. Hilo lieleweke mapema, maana hadithi hii haina mtu mbaya.

Mama akapewa chumba chenye dirisha kubwa, godoro jipya na televisheni. Tusekile, mke wa Mbonea, alikuwa mkwe ambaye wengine wanamwomba kwa Mungu na hawampati. Mama akishika ufagio, Tusekile anaupokea kwa heshima zote. Akianza kuchambua mchele, sinia linaondolewa taratibu. Akisema aende sokoni, anaambiwa jua ni kali.

"Mama, pumzika," walimwambia. "Umeshafanya kazi ya kutosha."

Basi akapumzika. Alipumzika asubuhi, akapumzika mchana, na jioni akapumzishwa tena. Wewe unayemwonea wivu, jaribu wiki moja tu.

Baada ya mwaka na nusu alianza kubadilika. Chakula anakionja na kukiacha. Ukimuuliza leo siku gani, anasema hajui. Ukimuuliza anataka nini, anasema chochote. Wakampeleka hospitali, daktari akapima presha, akapima sukari, akapima kila kinachopimika, akasema mwili hauna tatizo. Mbonea akaona ndiyo uzee umefika, kumbukumbu zinaondoka. Alikuwa anampoteza mama yake huku anamtazama, na hakujua afanye nini.

Jumapili moja akaja binti wa chuo aitwaye Agripina, aliyepanga nyumba ya jirani. Alikuwa anasomea mambo ya jamii, na siku hizo anafanya utafiti kuhusu uzee. Akaomba amuulize mama maswali machache. Mbonea akamtahadharisha asitegemee majibu ya maana kwa sababu mama anasahau. Alisema hivyo mama akiwa amekaa palepale, kana kwamba ni kabati. Tunafanya hivyo wengi wetu, tusijidanganye.

Agripina akamwamkia mama, akaketi kwenye mkeka karibu na miguu yake. Akamweleza kwamba chuoni wanafundishwa kuwa umri si mmoja. Upo umri wa miaka, upo wa mwili, na upo ule ambao mtu anavalishwa na watu wanaomzunguka. Kisha akafungua daftari.

"Bibi, wewe ulizeeka lini?"

Mbonea alitaka kumjibia. Mama akamtangulia.

"Mwaka jana, tarehe kumi na nne mwezi wa pili, saa nne asubuhi."

Mbonea aligeuka akamtazama. Mtu anayepoteza kumbukumbu hataji tarehe namna hiyo.

"Siku hiyo kulitokea nini, bibi?"

"Niliingia kwenye gari kuja huku."

Agripina akaandika. Akauliza kama kuna mahali panamuuma, mama akasema hapana. Akauliza kama anatunzwa vizuri, mama akasema vizuri mno, Mungu awabariki hawa watoto. Likabaki swali la mwisho, kwamba ni kitu gani anachokikosa hapa mjini. Mbonea alitega sikio. Alijiambia kwamba lolote litakalotajwa atalinunua hata kama ni kwa mkopo.

"Nakosa kuchelewa," alisema mama.

Wakatazamana. Mama akashusha pumzi, akaongea maneno mengi kuliko aliyoyasema mwezi mzima.

"Kule kwetu kila mtu ana siku yake ya maji. Yangu ni Jumanne. Wakifungua ndiva, lile bwawa la kijiji, maji yanashuka na mfereji, nawe unatakiwa uwe shambani na jembe lako uyapokee. Ukichelewa, wenzako wanapaza sauti kule juu, Nakijwa, maji yanakwenda! Nakimbia na kanga nimeifunga hovyo, nao wananicheka mpaka nafika. Hapa sijawahi kuchelewa popote, mwanangu. Hakuna mahali ninaposubiriwa."

Tusekile aliingia jikoni akalia. Mbonea naye alitoka hadi barazani. Akampigia simu Namsifu, jirani ambaye shamba lake linapakana na la mama. Alitaka kujua ile zamu ya maji alipewa nani, ili kama inawezekana aiombe irudishwe.

Namsifu alishangazwa na swali lenyewe.

"Apewe nani? Jumanne ni ya Nakijwa. Tukifungua maji tunamwita kwanza. Tunangoja kidogo, tukiona hatokei tunamfikishia maji shambani kwake, maharage tuliyompandia yasikauke."

"Mnamwita, na mnajua yuko Morogoro?"

"Tunajua."

"Kila Jumanne?"

"Kila Jumanne, baba. Sauti yetu ndiyo haifiki huko."

Mbonea alikata simu. Alipogeuka kuingia ndani alimkuta mama amesimama mlangoni. Wapare wakiongea na simu wanaongea kama wako bonde la pili, kwa hiyo mama alikuwa amesikia kila neno. Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini uso wake ulikuwa wa mtu mwingine kabisa, na mguu mmoja ulikuwa umeshaingia kwenye kiatu.

"Leo ni Jumapili," alisema. "Tusipoondoka kesho, nitachelewa."

Funzo: Usimpumzishe mzazi wako mpaka asibakiwe na kazi yoyote duniani, miaka haimzeeshi mtu kama anavyozeeshwa na kukosa mahali anaposubiriwa.