Ndoo Zisizo na Mlinzi

Mwanamke mmoja, jina lake Sikitu, alikuwa na ndoo moja na mama mzazi asiyeweza kuinuka kitandani. Kila alfajiri aliipanga ndoo kwenye foleni ya bomba la mtaa, kisha akarudi nyumbani kumgeuza mama yake na kumpikia uji. Bomba lile halikuwa na mlinzi wala mwenyekiti. Aliyejaza ndoo yake aliisogeza ya mwenzake chini ya bomba, akamwita mwenye zamu kwa jina. Sheria hiyo haikuandikwa na mtu, nao waliishi nayo miaka mingi.

Kiangazi kimoja maji yakapungua, yakawa yanatoka kama uzi. Sikitu akasikia kwamba mtaa wa pili watu wameanza kurukana foleni. Kwao hakuna aliyerukwa, lakini roho yake ikakataa kutulia. Atakorogaje uji na moyo uko bombani? Akampa mama yake kikombe cha maji, akamwambia anarudi sasa hivi, akaenda kusimama kando ya ndoo yake.

Jirani yake, Mama Tunu, akamwona. Kesho yake naye akasimama. Keshokutwa walisimama wote, macho huku na huku, mtu akikohoa tu wanageuka. Sikitu alipoona hivyo akaja na mchi wa kinu. Siku iliyofuata michi ilikuwa saba. Na maskini ya Mungu, hakuna hata mmoja aliyekuja kupigana. Ila mtu aliinama kufunga kiatu, aliye nyuma yake akadhani anavuta ndoo, mchi ukashuka. Ndoo zikapasuka, na maji ya siku nzima yakaishia vumbini.

Sikitu, damu ikimtoka kwenye paji la uso, akauliza ni nani hasa aliyeibiwa.

"Hatujui, mwenzangu," Mama Tunu akamjibu. "Tulikuona wewe umesimama, tukajua mwizi yupo."

Alirudi nyumbani jua la utosi, mikono mitupu. Mama yake alikuwa amegeukia mlangoni, midomo imekauka, kikombe kitupu kifuani. Hakumlaumu. Aliuliza tu kama zamu yao imefika.

Nanyi mnaoniuliza kwa nini mataifa yanarundika silaha na bado hayapati usingizi, niambieni: kesho asubuhi, nani atakuwa wa kwanza kuiacha ndoo yake kwenye foleni na kurudi nyumbani?