Pimbi na Ree Tatu

— Mpo?
— Tupo!
— Na masikio?
— Yapo, ila yamechoka.
— Hata mdomo wangu umechoka. Basi tusaidiane.

Palikuwa na Pimbi, mnyama mdogo wa mawe, na palikuwa na Kiboko, ambaye ukubwa wake mnaujua. Kila Ijumaa mchana wanyama wanane walikutana kwenye mchanga wa mto kushindana karata. Kiingilio kilikuwa hindi moja. Kila mmoja alipewa mbegu ishirini za ukwaju. Mwenye karata nzuri aliweka mbegu katikati. Mwenye hofu alitupa karata zake. Waliobaki walifunua, na mwenye karata kubwa akazoa mbegu; wengine wote wakitupa, aliyebaki alizoa bila kufunua. Mbegu zikikuishia, unakwenda kwenu. Anayebaki peke yake anabeba mahindi yote manane.

Aliyebaki alikuwa Kiboko. Ijumaa hii Kiboko, Ijumaa ile Kiboko.

Hakuwa hodari wa karata. Alikuwa mlafi tu. Hakuweza kuona mbegu zikichukuliwa na mwingine. Ukiweka tatu, anaweka tatu. Ukiweka kumi, anaweka kumi.

“Mf! Funua tuone.”

Wengi waliogopa, wakatupa karata hata zilizokuwa nzuri.

Ijumaa ya kwanza Pimbi alicheza kila karata aliyopewa. Mbegu zikaondoka, ta, ta, ta. Akarudi nyumbani.

“Umeshinda, Baba Tabu?” mkewe akauliza.

“Nimejifunza. Nisicheze kila karata.”

“Haya. Tutapika ulichojifunza.”

Ijumaa ya pili alitupa kila karata. Lakini kila mzunguko ulidai mbegu moja, hata kwa anayetupa. Mbegu zikaondoka, ta, ta, ta. Akarudi nyumbani.

“Umeshinda, Baba Tabu?”

“Nimejifunza. Nisitupe kila karata.”

“Subiri. Funzo la wiki jana bado liko jikoni, haliivi.”

Ijumaa ya tatu Pimbi aliamua kudanganya, kama walivyofanya babu zake. Mkononi hakuwa na kitu. Akaweka mbegu kumi alizobaki nazo, akatanua kifua, akasema, “Nina ree tatu!” Ree ndiyo karata iliyo juu ya zote. Wengine wakatupa za kwao. Kiboko akaweka kumi.

“Mf! Funua tuone.”

Akafunua. Wanyama wakacheka mpaka ndege wakahama mti.

Siku hiyo mkewe hakuuliza. Aliweka hindi moja juu ya jiwe.

“Limebaki hili la mbegu. Tukilila, hatupandi. Tukilipanda, watoto hawali mpaka mavuno. Wewe ndiye uliyetufikisha hapa. Tafuta njia.”

Pimbi akakaa. Alikuwa amechoka kushindwa, na amechoka zaidi kujifunza. Akafikiri: nimemtisha mtu asiyeogopa. Kiboko halipi kwa sababu ya karata. Analipa kwa sababu hawezi kuacha. Basi sina haja ya kumdanganya. Nina haja ya kungoja.

Ijumaa ya nne akaenda na hindi la mbegu. Akangoja. Alicheza mara chache, akiwa na karata nzuri tu, na kila mara Kiboko alilipa. Jua lilipoinama walibaki wawili, mbegu themanini kwa themanini. Karata zikachanganywa, faraa, faraa. Pimbi akatazama zake. Ree ya kopa. Ree ya uru. Ree ya shupaza.

Akasukuma mbegu zote katikati. Hakutanua kifua, nguvu hizo hakuwa nazo.

“Shemeji Kiboko, tupa karata. Nina ree tatu.”

“Zilezile za wiki jana?”

“Nakuambia kweli, shemeji. Tupa, ubaki na zako.”

“We kadude! Siku hizi unadanganya hata jasho halikutoki! Mf! Themanini hizi hapa. Funua tuone.”

Pimbi akafunua. Moja. Mbili. Tatu.

Kiboko akakaa chini, puu! Mchanga ukaruka.

Pimbi alibeba mahindi manane kwa safari nne, maana mikono yake ni midogo. Moja likapandwa, moja likawekwa kwa kiingilio. Mengine yakachemshwa, watoto wakala wakalala.

Kiboko naye alikaa majini wiki nzima akifikiri, kazi asiyoizoea. Mwishoni akawaambia wenzake, “Nimejifunza. Pimbi akisema ana ree tatu, anazo.”

Ijumaa iliyofuata wakabaki wawili tena. Pimbi alikuwa na mbili, nne na takataka nyingine.

“Shemeji,” akasema kwa sauti ileile ya uchovu, “nina ree tatu.”

Kiboko akatupa karata.

Mzunguko wa pili: “Shemeji, nina ree tatu.” Kiboko akatupa. Wa tatu, wa nne, wa kumi, akatupa. Mbegu zake zikahama moja moja, ta, ta, ta, mpaka mchanga ulio mbele yake ukawa mtupu, na kila mara alishukuru.

“Ahsante kwa kuniambia, shemeji. Wengine wangeninyamazia.”

Basi wanangu, funzo ni hili: semeni kweli daima, kama Pimbi. Na mkikosea, jifunzeni upesi, kama Kiboko.

Hadithi imekwisha. Mwenye swali akamuulize Kiboko.