Fisi Mng'oa Meno na Gego la Bi Ngiri

Mvua iligoma mwaka mzima, na mwaka uliofuata ikagoma tena. Nyasi ziliisha, majani yakaisha, na wanyama wa bonde la Mchekeni wakaanza kula vitu ambavyo zamani hata kuvikanyaga waliona kinyaa: magome ya miti, mizizi mikavu, mifupa ya babu zao. Midomo ikaingia taabuni. Meno yalipasuka na kutoboka, fizi zikavimba, na ukipita bondeni asubuhi ulisikia vilio vingi kuliko salamu.

Fisi hakuumwa. Meno ya fisi huvunja paja la nyati kama unavyovunja karanga. Aliwatazama wenzake wakishika mashavu, akawaza kama fisi awazavyo siku zote, yaani kwa kutumia tumbo. Akafagia pango lake, akaweka jiwe la kukalia, akachonga koleo la mpingo, akajivika gamba la kobe shingoni ili aonekane msomi, kisha akatangaza kwamba yeye sasa ni Daktari wa Meno.

"Umesomea wapi?" Nyumbu akamwuliza.

"Midomoni," Fisi akajibu. "Nimetazama midomo mingi kwa karibu sana."

Hilo lilikuwa kweli. Wengi waliotazamwa hivyo hawakurudi kusimulia. Lakini jino likikuuma huna nafasi ya kudai vyeti, na baada ya muda mfupi foleni ikatoka mlangoni kwa Fisi mpaka kwenye kichuguu cha mchwa.

Katika foleni hiyo alikuwamo Bi Ngiri. Bi Ngiri anajulikana kwa jambo moja: akishika njia hageuki, hata kama njia yenyewe imejaa miiba. Kiangazi kile alikuwa akiwalisha watoto wake viazi mwitu alivyochimba kwa pembe zake. Viazi vilikuwa vigumu kama mawe, na watoto walikuwa wadogo, kwa hiyo mama alitafuna kwanza, akawatemea, nao wakameza. Sasa gego lake la kushoto, la mwisho kabisa, lilikuwa na tundu la kuingia kunguni na familia yake. Akitafuna tu, machozi yanamtoka.

Alimkuta Fisi amekaa mkao wa heshima. Kabla hajatazama mdomo, Fisi alinusa furushi la viazi alilobeba mgonjwa.

"Panua mdomo, mama."

"Ni gego la mwisho upande huu," Bi Ngiri akasema. "Hili hapa, lenye tundu."

"Mama, hapa daktari ni nani?"

"Wewe. Lakini mdomo ni wangu."

"Basi wewe kaa na mdomo, mimi nikae na udaktari."

Fisi akampa dawa ya ganzi. Dawa yake ya ganzi ilikuwa kofi. Bi Ngiri alipokuwa bado anaona nyota, koleo likaingia, likashika, likavuta, na jino likatoka. Fisi akalificha kiganjani kabla mgonjwa hajaliona.

"Tayari! Sasa usitafune chochote mpaka nikuambie. Na hivyo viazi viache hapa, visije vikakutia majaribuni."

Bi Ngiri akarudi nyumbani mikono mitupu, shavu limejaa kama kibuyu. Damu ilipokauka, alipapasa kwa ulimi. Gego lenye tundu lilikuwa palepale, limetulia kama mwenye nyumba. Jirani yake, lililokuwa zima kabisa, ndilo lililohama.

Akarudi kwa Fisi. "Daktari, bado linauma."

"Hayo ni maumivu mapya," Fisi akasema bila kupepesa. "Yale ya zamani nimeshayang'oa. Umekuja na furushi?"

Safari hiyo aling'oa jino zima la upande wa juu, na furushi likabaki.

Unaweza kudhani Fisi alikuwa hajui kazi. La, aliijua vizuri sana. Akikung'oa jino bovu utapona, na ukipona hutarudi. Lakini akikung'oa zima, lile bovu litakusukuma mlangoni kwake kila mara, na kila mara utakuja na kitu cha kukutia majaribuni. Viazi si chakula cha fisi, lakini tumbo la yule bwana halikuwa na mwiko. Nyuma ya pango lake kulikuwa na rundo la meno meupe mazuri ya bonde zima.

Bi Ngiri aliporudi tena, hakukaa kwenye jiwe.

"Umening'oa meno mawili mazima, na bovu umeliacha. Watoto wangu hawajala. Nataka ulitoe hili, na nataka useme mbele yangu kwamba umekosea."

"Jino zima unalijuaje? Uliwahi kukaa ndani yake?"

"Lilikuwa ndani yangu, linatosha."

"Mgonjwa mbishi hutibiwa mwisho," Fisi akasema. "Nenda nyuma ya foleni."

"Siendi nyuma ya foleni. Nakwenda kwa Simba."

Fisi akacheka hadi gamba la kobe likagonga kifua.

Njiani Bi Ngiri alikutana na Sungura, amelala chali kwenye kivuli chembamba cha mti mkavu, anajipepea kwa sikio lake mwenyewe. Akamweleza yote. Sungura si mwenye huruma sana, tusimsingizie. Ila anapenda mabaraza, kwa sababu barazani ndipo mahali pekee ambapo mdogo anaweza kumwuliza mkubwa maswali na mkubwa akalazimika kujibu.

"Shangazi, hayo meno aliyokung'oa uliyapata?"

"Hata kuyaona sikuyaona."

Sungura akaketi. "Basi tutamwomba atuonyeshe. Twende."

Simba aliitisha baraza siku ile ile. Alikaa juu ya jabali lake, manyoya ya shingoni yamechanua, kidevu juu.

"Semeni kwa ufupi," akasema. "Na mniite Mfalme wa Bonde, Mlima na Vyote Vinavyoonekana Kutoka Hapa."

Alisema hayo bila kufungua midomo vizuri, kama mtu aliyeficha embe mdomoni. Wanyama walidhani ni madaha ya kifalme. Ukweli ni kwamba siku chache kabla, Simba alikuwa ameingia kwa Fisi kwa mlango wa nyuma, chonge lake la juu limeoza hadi kwenye mzizi, analia kama kitoto cha paka. Huyo mgonjwa, Fisi hakuthubutu kumchezea. Aling'oa lile lile lililooza.

"Ukimwambia mtu, nakula wewe," Simba alimwambia. "Na jino lenyewe?"

"Nimelitupa mtoni, mtukufu," Fisi alijibu.

Mto ulikuwa umekauka tangu mwaka juzi, lakini Simba hakufikiri mbali. Jino lilibaki pangoni, kwa sababu fisi hatupi kitu chochote kilichowahi kushikana na nyama.

Bi Ngiri akasimama mbele ya baraza. "Mfalme wa Bonde, Mlima na vinginevyo," akasema, "mimi sina maneno mengi. Nilikwenda na jino bovu moja. Nimerudi na jino bovu moja na mapengo mawili. Natafuna kwa ajili ya watoto, na sasa siwezi. Huyu anasema ameniponya."

"Mgonjwa huyu anajua kuumwa tu, hajui meno," Fisi akasema. "Meno niliyong'oa yalikuwa yameoza. Daktari hakosei."

Sungura akainua sikio moja kuomba ruhusa. "Daktari, hakuna haja ya kugombana. Tuletee jino moja tu kati ya uliyomng'oa. Likiwa limeoza, mimi mwenyewe nitamshika Bi Ngiri akuombe radhi."

"Sawa kabisa!" Fisi akasema, akatoka mbio.

Pangoni akaingiza mikono kwenye rundo. Akatoa jino, zima. Akatoa jingine, jeupe kama tui. Akachakura hadi chini: la Nyumbu, la Swala, la binamu yake Pofu, yote mazima, yanamkenulia. Jasho likamtoka. Ndipo mkononi likaja moja jeusi, lenye harufu ya kuua nzi. Alilijua ni la nani. Lakini baraza lilikuwa linasubiri, na Fisi akajiambia kwamba jino likishatoka mdomoni nani atalitambua? Akalifunga kwa jani, akarudi mbio.

"Hili hapa!" Akalifunua. Waliokaa mbele walirudi nyuma kwa harufu.

Sungura akalipokea kwa ncha za vidole, akaligeuza upande huu na ule. "Bovu kweli. Bi Ngiri, ni lako?"

"Hilo? Mimi ningekuwa na jino kama hilo ningekwisha kumla daktari."

Baraza likacheka. Sungura hakucheka. Alikuwa bado anaangalia.

"Gego la ngiri ni pana, la kusagia," akasema polepole. "Hili ni refu, limechongoka. Hili ni chonge. Lilikuwa la mla nyama, tena mkubwa."

Kicheko kikakatika. Chui akapanua mdomo haraka bila kuombwa, kila mtu aone kwamba yake yote yapo. Mbweha akaonyesha yake, madogo kama mchele. Juu ya jabali, Simba alikuwa ameibana midomo mpaka masharubu yamesimama, na macho yake yalikuwa yamemganda Fisi.

Fisi akaona kifo upande huu na aibu upande ule. Akisema jino ni la nani, analiwa. Akisema hajui, daktari gani huyo?

"Ni... ni langu!" akapayuka. "Ndiyo! Nilijing'oa mwenyewe. Nilikosea tu kuchukua."

"Pole sana, daktari," Sungura akasema kwa upole. "Kujing'oa chonge si mchezo. Hebu tuonyeshe pengo."

"Pengo limeshaziba."

"Panua mdomo," Bi Ngiri akasema. "Wewe kaa na udaktari, sisi tutazame mdomo."

Wakampanua mdomo. Meno yalikuwa safu mbili kamili, yanang'aa, hakuna hata moja lililokosekana. Katikati ya mawili ya mbele kulikuwa kumenasa kipande cha kiazi mwitu.

Wanyama walicheka wakagaragara. Simba, kwa hofu na hasira zilizochanganyika, akajisahau. Akasimama juu ya jabali akanguruma kwa nguvu zake zote:

"MWONGO!"

Na kunguruma hakuwezekani midomo ikiwa imefungwa. Mdomo ulifunguka wote, na pale juu, upande wa kulia, kulikuwa na pengo ambalo panya angeweza kujengea nyumba.

Kila mtu aliliona, na mara kila mtu akawa haoni. Nyumbu alianza kuhesabu mawingu, na mbinguni hapakuwa na wingu. Pofu alikagua kwato zake. Chui alijifanya amelala, akakoroma kabisa. Bi Ngiri peke yake aliendelea kutazama, kwa sababu hakuzoea kugeuka.

Sungura akainama mpaka masikio yakagusa vumbi.

"Mtukufu," akasema, "nimelitazama jino hili vizuri. Ni la mnyama tusiyemjua, wa nchi ya mbali sana, aliyekuwa shujaa wa ajabu."

Simba akashusha pumzi. "Shujaa wa ajabu," akasema.

"Wa ajabu sana!" baraza likaitikia.

"Kwa hiyo tumwache apumzike," Sungura akaendelea. "Swali langu ni dogo. Daktari ametibu bonde zima. Nilipomwomba jino moja tu lililooza, alikimbilia kuazima la mgeni. Yale mabovu yetu sisi yako wapi?"

Nyumbu aliacha kuhesabu mawingu. Akakumbuka kwamba shavu lake bado linauma. Swala naye akakumbuka. Wakatazamana, wakaondoka kwa kishindo kuelekea pangoni, na wakarudi na rundo lote.

"Hili langu!" Nyumbu akalia, amelikumbatia. "Zima kama siku lilipoota!"

"Nilikuwa nakinga magonjwa," Fisi akanong'ona. "Ukishang'oa jino zima, haliwezi tena kuoza."

Wanyama wakainuka wote. Walikuwa wanamsogelea.

"Simameni!" Simba akasema, sasa kwa midomo iliyobanwa vizuri. "Mkimla, nani atatoa mabovu? Fisi, utang'oa kila jino bovu uliloliacha, hapa hapa, mbele ya baraza. Mgonjwa ndiye atakayeonyesha ni lipi. Atakayekuletea furushi, namfukuza bondeni. Na hakuna kofi. Anza na huyu mama."

Bi Ngiri alikaa chini, akapanua mdomo, akaweka kidole juu ya gego la mwisho la kushoto.

"Ni hili, daktari," akasema. "Ukikosea, kumbuka mkono wako uko wapi na meno yangu yaliyobaki yako wapi."

Fisi alilishika kama yai. Alivuta taratibu, huku anaomba samahani kwa kila mtikisiko, mpaka likatoka, jeusi, na tundu lake. Akaliinua juu, baraza zima likaliona.

"Nilikosea," akanong'ona.

"Sikusikia," Bi Ngiri akasema.

"Nilikosea, mama."

Bi Ngiri akatema damu vumbini, akamshukuru Sungura, akashika njia ya nyumbani moja kwa moja. Uvimbe ulipopungua, watoto wake walikula viazi mpaka wakalala na midomo wazi.

Fisi alibaki barazani na foleni yake, anang'oa na tumbo linanguruma, bila hata ganda la kiazi. Alipomaliza, hakuna mgonjwa aliyerudi. Siku hizi akiwapita wanyama njiani, bado husalimia kwa sauti ya kidaktari: "Hamjambo, ndugu zangu? Meno yanasemaje?" Nao humjibu kwa heshima, wote kwa pamoja, kwa kutikisa vichwa na midomo imefungwa.