Bi Sikudhani Anadai Matanga Yake

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Tuambie wewe!

Pakawa bibi na chungu kisicho na kitu. Sogeeni karibu. Na wewe unayetafuna karanga, tafuna kwa adabu, nataka nisikike mpaka huko nyuma.

Hapo zamani za kale, wakati watu na wanyama walipokaa kijiji kimoja na kuamkiana asubuhi, aliondokea bibi mmoja, jina lake Bi Sikudhani. Mumewe alikuwa amekufa. Binti zake walikuwa wameolewa mbali, ng'ambo ya milima, huko ambako hata salamu ikifika imeshachoka. Basi bibi alikaa peke yake. Nyumba yake ilivuja. Mvua ikinyesha nje, ndani nako inanyesha. Nje ikikoma, ndani inaendelea.

Mali yake ilikuwa moja tu: shamba la bondeni, kando ya kijito, udongo mweusi ti. Lakini mgongo wake ulikuwa umegoma. Akiinama kulima, kuinuka ni kazi ya asubuhi nzima.

Sasa, kijijini palikuwa na chama cha kufa na kuzikana. Mwenyekiti wake alikuwa Fisi. Mtunza ghala alikuwa Nyani. Na yule wa kuanzisha kilio, ili wengine wafuate, alikuwa ndege Kanga. Kila mavuno, kila mwanachama alipeleka ghalani kikapu cha mtama. Ukifa, chama kinakufanyia matanga ya siku tatu. Wanaleta kuni, wanaleta maji, wanaezeka nyumba yako ili waliaji wasilowe. Wanapika, wanakula, wanalia, wanakula tena.

Bi Sikudhani alipeleka kikapu chake tangu usichana. Hakukosa hata mwaka mmoja.

Basi masika yakaingia. Mtama wa zamani umekwisha, mpya bado uko shambani, tena si kwake. Bibi akachukua fimbo yake, huyo, mpaka ghalani.

"Hodi, Bwana Nyani."

"Karibu. Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Nimekuja kuomba kikapu kimoja cha mtama, katika vile nilivyoleta."

Nyani akamtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni. "Bibi, umekufa?"

"Sijafa."

"Basi bado. Ukifa, njoo wakati wowote."

Bibi akachukua fimbo yake, huyo, mpaka kwa Fisi. Akamkuta amekaa kitini, anachokonoa meno.

"Mwenyekiti, nyumba inavuja. Naomba nyasi kidogo za kuezekea, zile za chama."

"Bibi, umekufa?"

"Sijafa. Lakini kwa hali hii, labda kesho kutwa."

"Pole sana," akasema Fisi. "Basi kesho kutwa tutakuja wote. Utafurahi mwenyewe."

Bibi akachukua fimbo yake, huyo, mpaka kwa Kanga.

"Kanga, mimi kwako siombi chakula. Njoo tu unisaidie kuchota maji, tukae, tuzungumze kidogo."

"Bibi, koo langu hili nalitunza kwa siku yako. Nikizungumza na wewe leo, litakauka. Umekufa?"

"Sijafa."

"Haya, kwaheri."

Mnacheka? Bibi hakucheka. Alirudi nyumbani, akakaa kwenye ile pembe isiyovuja, akalia. Inauma, jamani, kuulizwa siku moja mara tatu kama umekufa, na kila anayeuliza anasikitika ukimwambia bado.

Alipokwisha kulia akajipangusa, akafikiri. Akafikiri mpaka akaanza kutabasamu.

Siku ya mkutano wa chama, bibi akasimama katikati.

"Wanachama wenzangu, nataka matanga yangu."

"Lini?" wakauliza.

"Sasa. Nikipikiwa nimekufa, nitajuaje kama chakula kimeungua? Nifanyieni leo, nikiwa na macho. Siku nitakayokufa kweli, chimbeni shimo mnifukie, hata uji msipike."

Wanyama wakaguna. Nyani akasema jambo hilo halijawahi kutokea. Lakini Fisi alikuwa anapiga hesabu. Tangu mwaka jana kijijini hakufa mtu, na tumbo la Fisi lilikuwa linajua. Tena akakumbuka lile shamba la udongo mweusi.

"Bibi," akasema kwa upole, "unajua kwamba siku ya tatu ya matanga tunagawa mirathi?"

"Najua."

"Nyumba na shamba vinakwenda kwa warithi."

"Kwani marehemu atalima? Gaweni."

Fisi akameza mate. "Mkutano umekubali!" akatangaza, na hakuna aliyekuwa ameulizwa.

Nawasikia mnavyonung'unika. Subirini. Hata mimi nilipohadithiwa, hapa nilitamani kumvuta bibi sikio.

Siku ya kwanza wanachama wakaja na kuni, wakaja na maji, wakaja na nyasi. Nyumba ikaezekwa, vyungu vikainjikwa. Bibi alilazwa mkekani katikati ya chumba, amefunikwa sanda nyeupe mpaka kidevuni, mkono mmoja nje, anakula. Kanga akaanzisha kilio:

"Kwe-kwe! Kwe-kwe! Ametuacha!
Kipenzi chetu ametuacha!"

"Punguza kidogo," akasema bibi, "halafu nisogezee chumvi."

"Marehemu anyamaze!" akafoka Fisi.

Siku ya pili ikawa ya kumsifu marehemu. Nyani akasimama, machozi yanamtoka.

"Bibi huyu sikumwacha alale na njaa hata siku moja!"

"Lini hiyo?" akauliza bibi.

"Marehemu anyamaze!"

Kanga akasimama. "Kila jioni nilikaa naye, tukazungumza mpaka tukachoka!"

"Ulizungumza na nani?"

"Marehemu, tafadhali!"

Siku ya tatu ikawa ya mirathi. Na desturi ya kijiji ilikuwa hivi: anayetaka kurithi huweka mkono juu ya sanda, akaapa mbele ya wote kwamba yeye ni nani kwa marehemu. Kiapo cha sanda hakirudishwi. Anayekikana hutolewa kwenye chama. Haingii tena kwenye matanga ya mtu, na yeye akifa hana wa kumzika.

Fisi hakungoja kuitwa. Akaruka, akaweka mkono juu ya sanda. "Naapa! Bi Sikudhani ni mama yangu. Mimi ndiye mwanawe wa kwanza!"

Nyani akaona shamba linakwenda. Akaruka naye. "Naapa! Ni mama yangu. Mimi ndiye mwanawe kipenzi!"

Kanga akaruka, manyoya yakatawanyika. "Naapa! Ni mama yangu. Mimi ndiye kitinda mimba!"

"Mama hawezi kuzaa kitu chenye madoadoa!" akasema Nyani.

"Ila kitu chenye matako mekundu anaweza?" akajibu Kanga.

Walipokuwa wakishikana mashati, bibi akaisukuma sanda, akakaa kitako, akapiga kigelegele kirefu.

"Wanachama, mmesikia viapo?"

"Tumesikia!" wakaitika wote, swala na pundamilia na ngiri.

"Nilikuwa peke yangu. Leo nimepata watoto watatu kwa mpigo, na uchungu sikuusikia! Haya, wanangu. Matanga mmenifanyia, ahsanteni. Kilichobaki mnizike, ndipo mgawane. Nani anaanza kufukia?"

Fisi akatazama chini. Kumfukia mama mzazi akiwa hai, mbele ya kijiji kizima, hata Fisi aliona haya.

"Hakuna? Basi urithi wenu upo, utawangoja. Ila mwanangu wa kwanza, mama yako hana kuni za kesho. Mwanangu kipenzi, mama yako hana mtama. Na wewe kitinda mimba, mama yako hana maji."

"Lakini, Bibi, kusema kweli mimi si..." Fisi akaanza.

"Mwenyekiti," akasema Ngiri kutoka nyuma, "unakana kiapo cha sanda?"

Fisi akafikiria matanga yote ya dunia yakifanyika bila yeye. Akaenda kukata kuni.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi Fisi alifika na kuni. "Mama, umeamkaje?" aliuliza, masikio yamesimama kwa matumaini.

"Salama, mwanangu."

Fisi aliguna, akatua kuni.

Nyani alifika na mtama. "Mama, kifua kilichokubana jana vipi?"

"Chepesi, mwanangu. Kimepona kwa mtama wako."

Kanga alifika na maji. "Mama, bado unaona?"

"Naona mpaka ng'ambo ya kijito. Kaa, tuzungumze."

Wakalilima na shamba, kila mmoja akihofia lisije likaingia magugu kabla hajalirithi. Likazaa, bibi akala. Alipokula, akapata nguvu. Alipopata nguvu, akaishi. Wakazidi kumlisha, naye akazidi kuishi. Fisi akaota mvi, bibi yupo.

Hata asubuhi moja, Fisi akapiga hodi. Kimya. Akapiga tena. Kimya. Nyani akafika, Kanga akafika. Wakasukuma mlango. Kitanda kitupu, jiko limepoa.

Nyani akakaa chini. Kanga akafungua mdomo aanzishe kilio, sauti ikakataa kutoka. Na Fisi, yule Fisi, akaegemea ukuta na mzigo wake wa kuni, akalia taratibu, kilio ambacho hakikuwa na chakula ndani yake.

Mara bibi akatokea shambani, kikapu cha mahindi mabichi kichwani. "Kwani nani kafa?"

Wakamtazama. Fisi akajifuta pua.

"Hakuna, Mama. Tumekuita hukuitika."

"Ukadhani shamba limekuwa lako?"

"Ndiyo," akasema Fisi. "Halafu nikaona silitaki."

Bibi alimpa kikapu chake akitue, wakaingia ndani kuchoma mahindi, wote wanne.

Sasa sikilizeni, ninyi wenye bibi, wenye shangazi, wenye jirani anayekaa peke yake na hii ni siku ya pili hamuoni moshi wa jiko lake. Kile kikapu mnachomwekea cha matangani, mpelekeeni leo, akiwa na meno ya kukitafuna. Na ukifika usikitue mlangoni ukakimbia. Kaa, uulize ameamkaje, nawe utake kweli aseme salama.

Hadithi nimeifunga kamba. Ikikukolea vizuri, nenda nayo kwenu. Ikikukwama kooni, niachie nikaichemshe upya.